Tumbo la mgeni au maji ya nyumba? Uchambuzi wa kisa kutoka mlimani Mwanza

Kisa hiki kinahusu familia iliyohamia Mwanza kutoka mji mmoja wa mashariki mwa Kongo, ikakaa miezi kadhaa ikiharisha na kupona, kupona na kuharisha. Majina, mtaa, mwaka na kazi za wahusika nimeviondoa, na jina moja lililobaki ni la kubuni. Nilikishughulikia nikiwa afisa afya wa kata. Nakiandika kwa ajili ya maafisa wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wapangaji, kwa sababu karibu kila aliyeulizwa kabla ya hapo alitoa jibu moja: hao ni wageni, watazoea. Jibu hilo halikuwa kweli, na wenyeji waliokaa ua mmoja nao walikuwa wakiumia kwa ajili yake.

Mji, mlima na bomba

Mwanza imejengwa juu ya miamba. Maji ya bomba hutoka ziwani, husafishwa Capri Point na sasa pia Butimba, kisha husukumwa kwa pampu kwenda kwenye matanki ya vilimani na kushuka majumbani. Kadiri nyumba inavyopanda juu ndivyo nguvu ya maji inavyopungua, na mitaa ya juu hupata kwa mgao, mara nyingi usiku wakati watu wa chini wamefunga koki zao. Ndiyo maana nyumba nyingi za mlimani zina tanki lililojengwa chini ya ardhi, pampu ndogo, na simtanki juu ya mnara. Maji yakija yanajaza la chini, asubuhi yanapandishwa juu, na siku zote zinazofuata nyumba inakunywa ghala lake.

Mwamba una shida nyingine ambayo mgeni haioni mara moja. Kuchimba shimo refu la choo ni kazi ya nyundo na patasi, kwa hiyo mashimo mengi ni mafupi. Maji taka yakivuja hayakuti udongo wa kuyachuja, yanafuata mipasuko ya jiwe hadi yatakapotokea chini. Mabomba nayo, kwa kuwa mtaro wa kuyafukia haukuchimbika, hulazwa juu ya jiwe kandokando ya mfereji. Bomba likiwa na maji yenye nguvu, tundu dogo huvujisha nje. Likiisha nguvu, tundu lilelile linaweza kuvuta ndani kilichopo mferejini. Kwa hiyo maji yanaweza kutoka kiwandani yakiwa mazuri kabisa na yakafika kikombeni yakiwa mengine, bila aliyeyasafisha kukosea chochote.

Familia na nyumba

Baba, mama, binti wa miaka saba, mvulana aliyekaribia miaka miwili, na dada wa kazi aliyetoka visiwani. Mama nitamwita Mama Neema. Walipanga nyumba kubwa ya mbele katika ua wenye nyumba mbili. Nyumba ndogo ya nyuma ilikaliwa na mama mzaliwa wa Mwanza na mtoto wake wa miaka mitatu. Nyumba zote mbili zilitumia mita moja, tanki moja la chini na simtanki moja. Juu ya ukuta wa nyuma, mlima unapoendelea kupanda, kulikuwa na nyumba ya jirani na shimo lake la maji taka.

Walikotoka, kando ya Ziwa Kivu, kipindupindu wanakijua kwa majina ya waliokufa. Huko kuna vijana hukaa ufukweni wakitia klorini kwenye kila dumu linalochotwa. Mama Neema amekulia katika harufu hiyo ya dawa.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzoni walikunywa maji ya dukani, yale ya jagi kubwa linalopinduliwa juu ya dispensa. Chakula kilipikwa kwa maji ya bomba, jambo ambalo halina ubaya kwa kuwa yanachemka. Lakini watu watano hawanywi kidogo, na fedha ya majagi ikawa inashindana na ada ya shule. Baba akaamua yachemshwe. Dada wa kazi alichemsha sufuria kubwa kila jioni, akaliacha lipoe, akayamimina kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko iliyokaa kwenye kona ya jiko.

Mvulana akaanza kuharisha. Zahanati ilimpa ORS na zinki, tiba sahihi kabisa, akapona. Wiki chache baadaye akarudi, safari hii na dada yake. Mhudumu aliuliza wamehamia lini, akasikia jibu, akasema tumbo la mgeni lina tabia hiyo, litatulia. Jirani wa mtaa, mzee anayeheshimika, alimshauri baba aachane na bomba, awatume vijana wa mtumbwi wamchotee maji ya katikati ya ziwa, kwani wavuvi wanakunywa hayo tangu enzi. Rafiki wa kazini alisema dawa ni mashine ya kuchuja.

Baba akanunua mashine. Ilikuwa nzuri kwa macho: makopo matatu ya vichujio chini ya sinki na taa ya UV ya kuua vijidudu. Kwa kuwa mashine ipo, kuchemsha kukasimama. Kipindi cha tatu cha kuharisha kilimlaza mvulana kwa drip, na ndipo Mama Neema alipokuja ofisini kwetu. Hakuja kulalamika. Alikuja na swali.

"Bwana afya, kwetu maji ikiwa na dawa unaisikia na pua. Hapa ya kwetu hainuke kitu. Juu ya nini?" Yaani, kwa nini.

Katika yote niliyoambiwa kuhusu nyumba ile, hilo ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote.

Kufuata maji kutoka mita hadi kikombe

Nilikwenda usiku wa mgao, maana mchana ningepima ghala tu. Nilibeba kipimo cha mkononi cha klorini, kile cha kidonge kinachogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi, na chupa ndogo za kupimia uchafu wa kinyesi ambazo hugeuka nyeusi baada ya kukaa siku moja au mbili mahali pa joto. Chupa hizo hazimalizi kazi ya maabara, lakini zinatosha kukuonyesha tatizo limeanzia wapi, mradi upime kila kituo na si bomba la jikoni peke yake.

Kwenye mita, maji yaliyokuwa yanaingia yalikuwa na klorini ya miligramu 0.3 kwa lita. Kinachotakiwa mlangoni kwa mtumiaji ni angalau 0.2. Chupa ya hapo ilibaki safi. Maji ya tanki la chini hayakuwa na klorini hata chembe, na chupa yake ikawa nyeusi tititi. Simtanki, nyeusi. Bomba la jikoni, nyeusi. Maji ya mashine, nyeusi pia, ingawa kwa kuchelewa.

Mfuniko wa tanki la chini ulikuwa bamba la zege lililopasuka, limekaa usawa na sakafu ya ua. Nilimwaga ndoo ya maji ukutani upande wa jirani wa juu, nikatazama yanakokwenda. Yalifuata mshipa wa jiwe, yakazunguka shina la mpapai, yakaingia kwenye ufa wa mfuniko. Hakukuwa na la kubishana. Mvua ya vuli ilikuwa ikifanya hivyo hivyo, ikipita kwanza kwenye shimo la jirani.

Mashine nayo: taa ya UV ilikuwa imeungua. Hakuna aliyejua, kwa sababu maji yaliendelea kutoka kama kawaida. Hata ingekuwa nzima, umeme ukikatika taa huzima na koki haifungwi. Kichujio cha kwanza kilikuwa na utelezi wa kijivu.

Yote hayo yalieleza kipindi cha mashine. Hayakueleza vipindi viwili vya kwanza, walipokuwa wakichemsha. Nikamwomba dada wa kazi achemshe kama alivyokuwa akichemsha, nami nikakaa jikoni bila kusema neno. Alichemsha vizuri. Maji yalitokota sawasawa, na hilo linatosha. Mwanza iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, maji huchemka kabla kidogo ya nyuzi 100, lakini dakika moja ya kutokota inaua vijidudu vya kuharisha. Chupa niliyopima moja kwa moja kutoka sufuriani ilibaki safi.

Kisha akayamimina kwenye ndoo ileile aliyotumia mchana kubebea maji ya tanki, baada ya kuisuuza kwa maji ya bomba. Juu ya mfuniko kilikaa kikombe cha bati. Muda si muda mvulana akaja, akavuta mfuniko kwa mikono miwili, akazamisha kikombe na mkono hadi kwenye kiwiko, akanywa, akamwaga mabaki ndani ya ndoo, akarudishia kikombe mahali pake kwa adabu zote. Chupa ya ndoo siku iliyofuata ilikuwa nyeusi.

Nilipofungua friji kutafuta maji baridi ya kupima, nikakuta barafu za ubuyu kwenye vifuko vya plastiki. Nikauliza zimetengenezwa kwa maji gani.

"Za bomba, bwana afya. Si zinaganda?"

Baridi haiui. Vijidudu vingi hulala tu humo na kuamka mdomoni. Watoto walikuwa wakila barafu hizo kila wakitoka shule, na mtoto wa nyumba ndogo alikuwa akigawiwa. Ndipo nikamwuliza mama yake habari za tumbo la mwanawe. "Ah, huyu naye anaharisha harisha, ni meno," akasema. Mtoto wa miaka mitatu. Meno ya utotoni yalikuwa yamekwisha kuota yote.

Tulichoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza lilikuwa kutenganisha maji ya kunywa na maji mengine. Nyumba ile ilitumia mamia ya lita kwa siku, lakini ya kunywa, kusukutulia, kuoshea matunda, juisi na barafu hayazidi ndoo moja ya lita 20. Kuhangaika kusafisha tanki zima kwa ajili ya ndoo moja ni kupoteza fedha, na mashine ya baba ilikuwa imejengwa juu ya kosa hilo.

Tulimwita fundi bomba aweke koki mara tu baada ya mita, kabla maji hayajaingia tankini. Usiku wa mgao wanaacha yatiririke kwanza kidogo, maana maji ya mwanzo ndiyo yaliyolala bombani na yanaweza kuwa yamevuta uchafu, kisha wanajaza madumu yasiyotumika kwa kazi nyingine. Kila lita 20 hupata kidonge cha klorini cha kipimo hicho, kinachouzwa duka la dawa, na kusubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa kuwa tope hula dawa na kuwaacha vijidudu.

Kwa nini klorini na si kuchemsha? Kwa sababu nyumba ile ilishindwa baada ya kuchemsha, wala si wakati wa kuchemsha. Maji yaliyochemka hayana kinga, mkono mmoja ukiingia yamekwisha. Klorini iliyobaki ndani ya maji huendelea kulinda. Lakini haiui kila kitu: kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huistahimili, na kwa mtoto mdogo si cha kupuuzia. Kwa hiyo maji ya mvulana tulisema yachemshwe na yahifadhiwe kwenye chombo chake chenye koki. Chombo chenye koki kwa wote, ndilo sharti ambalo sikukubali lijadiliwe. Kikombe cha bati kilihamishiwa kwenye unga.

Ushauri wa maji ya katikati ya ziwa nilimjibu mzee mwenyewe, baada ya shikamoo na kikombe cha chai, kwa sababu mtaa unamsikiliza. Maji ya ziwa yanaweza kubeba kipindupindu na taifodi hata yakionekana meupe. Kichocho huingia kupitia ngozi ya anayechota. Na nyakati ziwa linapokuwa na utando wa kijani, utando huo unaweza kutoa sumu inayodhuru ini, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kunaweza hata kupasua vijimea hivyo na kuimwaga majini. Maboza tuliyaacha pia, kwani hakuna aliyeweza kutuambia yanajazwa wapi. Kuchimba kisima katika ua ule, chini ya shimo la jirani, kungekuwa kuuleta ugonjwa karibu zaidi.

Tanki lenyewe lilihitaji mwenye nyumba. Alikuja akiwa amekasirika, akidhani ameshtakiwa. Nilimwaga tena ndoo ukutani mbele yake, akatazama maji yakifika kwenye mfuniko, akanyamaza. Alikubali kujenga shingo ya zege kuzunguka mdomo wa tanki, ipande juu ya sakafu, na mfuniko wa chuma unaofungwa. Wapangaji walilipia koki na fundi. Tanki lilitolewa maji, likasuguliwa, likajazwa na kutiwa klorini ya miligramu 50 kwa lita: takribani gramu 75 za unga wa asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000. Likaachwa siku nzima, likamwagwa, likasuuzwa. Atakayefanya hivyo asiingie tankini peke yake, na asishushe humo pampu ya petroli. Moshi wake huua mtu haraka kuliko msaada unavyoweza kufika.

Matokeo

Maji ya ndoo ya koki yalipimwa tena na chupa ikabaki safi. Baada ya siku nzima bado yalikuwa na klorini ya 0.2. Mvulana alipita masika yote bila kuharisha, isipokuwa mara moja baada ya sherehe ya jirani, na hiyo siwezi kuisingizia maji. Mtoto wa nyumba ndogo "aliacha kuota meno," kama alivyosema mama yake. Binti mkubwa alilalamikia harufu ya dawa kwa siku chache. Mama Neema alisema inanukia kama ya kwao, akanywa glasi mbili.

Lakini mambo mawili yalirudi nyuma. Dada wa kazi aliondoka kwenda kuolewa, akaja mwingine, na nilipopita nilikuta koki ya ndoo inavuja, ndoo imesimamishwa pembeni, na ndoo ya zamani imerudi kwenye kona yake na kikombe juu. Pia chupa ya tanki la chini ilikuwa nyeusi tena, licha ya shingo mpya na klorini yote ile. Maji taka yalikuwa yameacha mdomo na kupata njia ukutani, kupitia jiwe.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni pua ya mgeni. Tumezoea kudhani kwamba mwenyeji anajua maji ya kwake na mgeni anajifunza. Mama Neema alitoka mahali ambapo klorini ni jambo la kila dumu, kwa hiyo kutokuwepo kwake kulimsumbua, huku sisi tuliozaliwa hapa tukifurahia maji "matamu" yasiyo na dawa. Naomba wenzangu wawaulize wageni wa mitaa yao walikotoka wanafanyaje.

Kupima kila kituo kulifaa kuliko kupima vizuri kituo kimoja. Ningechukua sampuli ya jikoni tu na kuipeleka maabara, ningerudi na karatasi inayosema maji ni machafu, na baba angenunua mashine kubwa zaidi.

Mashine haikuwa mbaya kwa asili yake. Ilikuwa mbaya kwa nyumba yenye umeme wa kukatika na maji yenye mzigo mkubwa wa uchafu, bila mtu aliyepewa kazi ya kuitunza. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba ilisimamisha kuchemsha.

Zahanati ilitibu sawasawa kila mara, na kila mara ikamrudisha mtoto kwenye ndoo ileile. Swali moja la ziada, "nyumbani nani mwingine anaharisha?", lingemleta mtoto wa nyumba ndogo kwenye picha mapema. Dhana ya tumbo la mgeni ilifanya madhara mawili kwa pamoja: kwa familia ya Kongo iligeuza ugonjwa kuwa hatua ya kuzoea, na kwa familia ya Mwanza iliufanya usionekane kabisa, kwa kuwa mwenyeji hatarajiwi kuugua maji ya kwao. Watoto wenyeji hawana tumbo la chuma. Wanaharisha, na wengine wanazikwa, na sisi tunaandika meno.

Mafunzo yetu yalimlenga mtu mmoja, akaondoka nayo. Safari ya pili tulimfundisha binti wa miaka saba pamoja na dada mpya, na yeye ndiye anayesimamia koki sasa kwa ukali ambao mtu mzima hauwezi. Koki ya kubadilisha inanunuliwa mbili mbili, moja inakaa kabatini.

Tanki lilitushinda, na lilitushinda kwa sababu chanzo hakikuwa ndani ya ua. Shimo la jirani wa juu ni fupi na limejengwa bila sakafu. Mwenyekiti wa mtaa amezikutanisha pande zote mbili. Jirani amekubali shimo linyonywe kwa gari kabla ya mvua za vuli, ila kulijenga upya anasubiri kujua kama njia ya maji taka itafika mtaani kwao. Hadi hapo, maji ya tanki lile ni ya kufulia, kudekia na chooni, na mwenye nyumba ameyaandika hivyo kwenye mikataba mipya ya nyumba zote mbili.